Aliyekuvusha Hatoki Kitini

Jioni ile Mjuaji alikwenda kununua kompyuta ya kuchezea gemu, na alikosea tangu mlangoni, maana aliingia dukani kama mtu anayekwenda kukagua, si kununua.

Tumsamehe kidogo, ndiyo kazi yake. Kiwandani alikuwa mkaguzi wa sabuni. Alisimama mwisho wa mkanda kutwa nzima, miche inapita mbele yake, na yeye anaokota iliyopinda, iliyomeguka, iliyopigwa muhuri kombo, anaitupa kwenye pipa bila kuitazama mara ya pili. Ukifanya kazi hiyo miaka kumi na tano unaanza kuona hata watu wamepinda. Mjuaji hakuhitaji miaka kumi na tano. Yeye alikuja na tabia hiyo kutoka kwao.

Jina hilo la Mjuaji walimpa wafanyakazi wenzake, na walilitumia akishageuka mgongo. Siku ya Jumatatu, wakati wa chakula cha mchana, walikuwa wakizungumza habari ya gemu yao ya ngumi, ile wanayochezea kwenye kompyuta kila Ijumaa, kila mtu kwake, wanapigana kwa mtandao. Mjuaji akasonya.

"Mchezo wa watoto huo. Mimi nikikaa hapo nawafunga nyote kwa mkono mmoja."

"Umewahi kuucheza?" akauliza Mkataji, yule kijana wa mashine ya kukatia sabuni.

"Kabla wewe hujaota meno."

Uongo mkavu! Hakuwahi kuugusa. Hata kompyuta ya ofisini alikuwa akiiwasha kwa kumwita mtu. Lakini Mkataji alimtazama, akafuta mdomo, akasema taratibu, "Basi Ijumaa, saa kumi na moja jioni, ingia mtandaoni tukuone, mkubwa." Meza nzima ikacheka.

Ningekuwa mimi, Ijumaa hiyo ningeugua tumbo. Yeye akaenda benki.

Nyumbani mkewe alikuwa anashona sare za shule, kazi aliyoifanya kwenye kona ya sebule kwa miaka yote kumi na moja ya ndoa yao. Alisikia habari ya kompyuta, akaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani.

"Kama unataka kujifunza gemu," akasema, "kwa baba..."

"Kwa baba yako kulikuwa na nini zaidi ya kunguni?" Akanywa funda la chai, akakunja uso. "Na hii chai umeipika au umeisimulia?"

Hilo lilikuwa neno lake la kila jioni. Mkewe akarudisha mguu kwenye kanyagio.

* * *

Duka lilikuwa jembamba, refu, linanuka vumbi lililopata moto na risasi ya kuunganishia waya. Nje jua lilikuwa linazama. Ndani makasha ya kompyuta yamepangwa ukutani, mengine yana taa za buluu, mengine nyekundu. Mwenye duka alikuwa mwanamke wa makamo, bisibisi iko sikioni, miwani juu ya kichwa. Wateja walimwita Fundi tu, na jina lilimtosha.

"Karibu, kaka. Unatafuta ya kazi au ya gemu?"

"Ya gemu. Kali."

"Gemu gani hasa?"

"Zote."

"Umeanza kucheza lini?"

"Wewe unauza kompyuta au unanipeleleza?"

Fundi alishaona wa namna hii wengi. Wanaoanza ni wa aina mbili, wanaouliza na wanaoona haya kuuliza, na hawa wa pili ndio wanaorudi baada ya wiki na kasha linalofuka moshi. Akajikaza, akaeleza kama anavyomweleza kila mtu. Kwamba cha kwanza ni kadi ya picha, ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye kioo. Kwamba memori isiwe ndogo, na pawa saplai, ile inayogawa umeme, usichukue ya kutupwa, maana ikilipuka inaondoka na wenzake. Kwamba kasha liwe pana, kesho ukitaka kuongeza kitu upate pa kukiweka. Taa ni mapambo tu. Akagusa kasha moja jeusi lisilo na makuu. "Kwa anayeanza, hii haitakuangusha."

"Nani kakuambia naanza?" Mjuaji akaligonga kasha kwa kidole kama anachagua tikiti maji. "Hili linafanana na jiko la mafuta. Ile pale."

Alikuwa anaonyesha pembeni kabisa, nyuma ya ngazi. Kompyuta moja ilikuwa imefunikwa shuka. Chini ya shuka taa nyekundu ilikuwa inafifia na kukolea... inafifia na kukolea... polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

Waya wake wa umeme ulikuwa umekunjwa juu ya kasha, umefungwa kwa kitambaa. Haukuchomekwa popote.

Fundi aliuona. Mjuaji hakuuona. Alikuwa anatazama taa.

"Ile siuzi," akasema Fundi.

"Kwa nini? Umemwekea shemeji?"

"Ilikuwa ya kijana mmoja. Hodari sana, na mdomo mchafu sana. Aliumwa kifua muda mrefu, akawa hatoki kitini. Akafia hapohapo, gemu inaendelea. Mama yake ndiye aliyeileta." Fundi akashusha sauti. "Kazini kwetu, mashine ya mtu haitoki mpaka ifutwe. Gemu zake, picha zake, jina lake, vyote. Ile nimeifuta mara tatu, kaka. Kila nikiwasha, jina limerudi."

Mtu mwenye akili angeaga hapo. Mjuaji akauliza, "Jina hilo lina daraja gani kwenye gemu ya ngumi?"

"La juu kabisa."

Basi hapo ndipo alipojimaliza. Anayeanza kucheza huanza na jina jipya lisilo na kitu, na kila mtu mtandaoni anaona kuwa huyu ni mgeni, hajui hata pa kushika. Mjuaji hakutaka kuonekana mgeni. Alitaka aingie Ijumaa na jina lililokwisha kushinda, Mkataji alione, mate yamkauke.

"Usiifute basi. Nipe hivyohivyo."

"Nimesema siuzi."

"Hebu nisikilize, mama!" Sauti ikapanda, mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akarudi nyuma. "Mwanamke na bisibisi! Kufuta tu kumekushinda mara tatu, halafu unanifundisha mimi habari za kadi. Rudi jikoni ukafute masufuria, huko ndiko kwenye daraja lako."

Fundi akatoa bisibisi sikioni, akailaza juu ya meza.

"Sawa," akasema. "Chukua."

Alimfungia mwenyewe na kioo chake, kibodi, mausi, hedifoni na padi mbili za kuchezea. Mjuaji alipofika mlangoni, Fundi akafungua kinywa kama mtu aliyekumbuka jambo. Halafu akakifunga.

* * *

Kompyuta iliwekwa kwenye meza ya dirishani, ikitazamana na cherehani. Mkewe alisogeza sare bila kuambiwa. Akaichukua mausi, akaigeuza mkononi mwake.

"Huyu alikuwa wa mashoto. Tazama ilivyolika upande huu. Na padi nayo..."

"Nani kakuuliza?"

Jumatano na Alhamisi, akitoka kazini, Mjuaji aliketi pale mpaka chakula kikapoa. Gemu ilipofunguka ilionyesha vyumba kumi vya wapiganaji, kila mmoja na picha yake ndogo, unachagua umtakaye. Tisa walikuwa watu wa kawaida wa gemu, wenye misuli na vilemba na mikia ya nywele. Kwenye chumba cha kumi alikuwamo kijana mwembamba, skafu shingoni, amegeuka mgongo.

Huyo alikuwa hachaguliki. Ukimbonyeza hafunguki.

Na mpinzani wa kwanza kabisa, yule aliyewekwa hapo ili hata mtoto apate moyo, alikuwa mzee mmoja mwenye fagio. Mzee yule alimchapa Mjuaji Jumatano mara kumi na tisa. Alhamisi akamchapa zaidi. Fagio puani, fagio mgongoni, fagio la makalio. Mjuaji alibonyeza kila kitu kwa pamoja, jasho linamtiririka, huku akisema padi ni mbovu.

Hapo ndipo alipoanza kuisikia harufu. Dawa ya kuchua kifua, ile kali inayochoma macho, inatoka kwenye matundu ya feni. Ikaja na hewa ya vuguvugu.

Na ndani ya hedifoni, karibu sana, mtu akavuta pumzi.

"Unabonyeza kama unakanda unga."

Mjuaji akageuka. Mkewe alikuwa anatunga uzi.

"Nani huyo?" akanong'ona.

"Mwenye kiti."

"Kiti ni changu, nimekinunua."

Kicheko. Kifupi, kikaishia kwenye kikohozi. "Mzee wa fagio anakupiga! Mzee wa fagio hajapata kumpiga mtu tangu gemu itengenezwe. Takataka wewe. Toa mikono."

Ajabu, Mjuaji hakuogopa. Alikasirika. Maneno hayo yalikuwa yake, aliyatumia kiwandani kila siku ya Mungu, hakuwahi kuyasikia yakimrudia.

"Nikuvushe?" ikauliza sauti.

"Eti anivushe!" akapayuka. "Anadhani mimi ni nani?"

Cherehani likasimama.

"Nani kasema akuvushe?" Mkewe aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mtu wa humuhumu mtandaoni."

"Usikubali. Sikiliza, hili nalijua. Mgeni akikwama kwenye gemu, humwomba hodari amvushe, anampisha kiti. Lakini usimwombe usiyemjua. Kwa baba kulikuwa na sheria..."

"Kwa baba yako, kwa baba yako! Shona huko."

Mkewe akashona.

* * *

Ijumaa, saa kumi na moja jioni, jua lingali juu ya mabati ya jirani. Wote walikuwamo. Mjuaji aliwasikia kwenye hedifoni wanavuta viti, wanatafuna karanga, na jina lake lilipotokea kwenye kioo, lile la kuazima lenye daraja la juu, karanga zikaacha kutafunwa.

"Mkubwa," akasema Mkataji, "kumbe ni wewe?"

Lo, raha aliyoisikia! Ilidumu nusu dakika.

Mkataji alimpiga raundi ya kwanza bila kuguswa. Ya pili alimpiga huku anasimulia habari nyingine kabisa, habari ya shemeji yake na mbuzi. Wenzake walikuwa wanacheka kwa kwikwi. Mmoja akasema awekewe mzee wa fagio. Mjuaji masikio yakawa ya moto. Jumatatu angesimama kwenye ule mkanda, na watu hawa wangempitia nyuma wakijifanya wanafagia, mpaka siku ya kustaafu.

Harufu ya dawa ikajaa chumba.

"Nikuvushe?" Pole kabisa sasa, kama mtu anayembembeleza mgonjwa.

Mjuaji akafunika kinasa sauti kwa kiganja, Mkataji asisikie.

"Nivushe," akanong'ona.

Baridi ikamwingia kwenye kucha.

Ikapanda viganja, ikapita viwiko. Akaiona mikono yake ikibadilishana kazi, wa kushoto ukachukua uongozi, vidole vikaanza kukimbia kama panya juu ya dari. Mpiganaji wake akaruka. Mkataji akaanguka. Akainuka, akaanguka tena. Wakaja wa pili, wa tatu, wakaja wote mmoja mmoja, na hakuna aliyegusa hata nywele.

"Mkubwa..." hatimaye Mkataji akasema. "Shikamoo."

Mjuaji alitaka kucheka. Kinywa hakikufunguka.

Akataka kuinuka. Miguu ikawa mbali.

Halafu aliona kitu ambacho mtu hatakiwi kukiona bila kioo cha kujitazamia. Aliiona sebule yake kutokea mbele. Aliliona dirisha, kiti, na juu ya kiti aliketi yeye mwenyewe, uso umepigwa na mwanga, unamtazama. Uso ule ukatabasamu upande mmoja. Mkono wa kushoto ukavua hedifoni.

Mwili wake ukasimama, ukajinyoosha kama mtu aliyetoka safari ndefu, ukamgeukia mkewe.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," akajibu mkewe, maana salamu hutangulia akili. Kisha sindano ikamchoma kidole.

* * *

Mjuaji alipiga kelele. Alipiga ngumi, alipiga vichwa. Kilichotoka upande wa pili ni mvumo wa feni tu, na mlio mdogo, kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo.

Yule mwingine alilala kwenye kochi usiku ule, akajifunika shuka mpaka kidevuni. Asubuhi alikunywa chai, akasema asante dada, akaosha kikombe. Mkewe aliutazama ule mgongo kwenye karo la vyombo kwa muda mrefu. Mume wake hakuwahi kuosha kikombe. Mume wake hakujua karo liko ukuta upi.

Baadaye mkewe akaja mbele ya kioo cha kompyuta, akainama. Kwenye chumba cha kumi hapakuwa na kijana wa skafu tena. Palikuwa na mtu mwenye kipara cha mbele, koti la kiwandani, mikono inarushwa juu. Mkewe akajiziba mdomo.

Alitoka mbio, risiti ya duka mkononi. Alirudi mchana na Fundi.

Walisimama mbele ya meza, Mjuaji akawasikia kila neno. Yule mwingine aliketi kitini, mikono mapajani, kama mtoto aliyeitwa na walimu.

"Alinitukana," Fundi alisema, hakumtazama mtu. "Nilitaka kumwonya asiombe kuvushwa. Mimi mwenyewe huyu kijana aliniuliza mara tatu, kila nilipowasha. Neno lilikuwa hapa ulimini, dada. Nikasema, acha aichukue. Nisamehe."

"Atatokaje?"

"Si unaijua sheria ya mabanda ya gemu?"

"Naijua. Aliyekuvusha hatoki kitini mpaka afungwe na mtu, si na mashine."

"Na huyu hajafungwa bado. Kwa nini atoke?"

"Ukizima umeme?"

"Nimeizima mara nyingi, na kijana akabaki. Lakini haikuwa na mtu hai ndani." Fundi akamtazama aliyeketi kitini. "Wala huyu hakuwa nje. Ukizima sasa, huenda wote wawili wakapotea."

Mkewe akavuta kigoda, akaketi. Akachukua padi ya pili.

"Kwa baba," akasema, na safari hii hapakuwa na wa kumkata, "kulikuwa na banda la gemu. Mashine sita, mstari mpaka barabarani. Nilikuwa navusha wanaume wazima nikiwa na miaka tisa. Miaka kumi na moja yote hii namwambia, hajapata kunisikia hata mara moja." Akamgeukia aliyeketi kitini. "Raundi tatu, mdogo wangu. Nikikufunga, unatoka."

"Natoka, dada."

"Na yeye?"

"Anarudi alivyokuwa." Akafikiri kidogo. "Alivyokuwa vilevile."

Vyumba kumi vikajipanga. Alama ya mkewe ikapita kwa wenye misuli, ikapita kwa wenye vilemba, ikafika mwisho.

Ikamchagua Mjuaji, na safari hii chumba cha kumi kikafunguka.

Ghafla akajikuta uwanjani, amesimama mbele ya jitu lenye ndevu, chaguo la yule mwingine. Ngumi ya kwanza ilimwingia mbavuni, na iliuma, iliuma kweli. Lakini kisha mkono wake ukainuka, hakuuinua yeye, ukazuia. Mguu wake ukafagia. Jitu likala vumbi. Miaka yote alidhani vile vidole vinajua kupinda upindo wa kaptula tu! Sasa vilimrusha, vilimgeuza hewani, vilimshusha penye nafasi ambayo yeye asingeiona akipewa mwaka. Akashindwa raundi ya kwanza kwa nukta. Akashinda ya pili. Kwenye ya tatu jitu lilibaki na uhai wa pigo moja, linayumba, na ngumi ya Mjuaji ilikuwa juu, imekwisha kuvutwa nyuma.

Piga, mke wangu! Piga!

Ngumi haikushuka.

Mkewe alikuwa ameacha kubonyeza. Alikuwa anamtazama, moja kwa moja, machoni. Jua la mchana lilikuwa limemwangukia begani, na juu ya meza ya cherehani kilikuwapo kile kikombe, safi, kimeinamishwa kikauke. Alikitazama kikombe. Akamtazama tena mumewe. Mjuaji akajua anachokifikiria. Alijua kabisa, kwa sababu hivyo ndivyo yeye alivyoutazama mche wa sabuni miaka kumi na tano.

Mkewe akailaza padi mezani, taratibu.

"Nimeshindwa," akasema.

Jitu lenye ndevu halikuwa na haraka. Lilisogea, likampiga.

Fundi alichukua mkoba wake, akaaga bila kupeana mkono.

* * *

Wiki ya kwanza ilikuwa ya amani. Yule mwingine alikwenda kiwandani Jumatatu, mkewe alimwelekeza njia. Aliita dada, aliosha vyombo, alitunga uzi kwenye sindano kwa mkono wa kushoto. Jioni alicheza gemu peke yake, akamchagua Mjuaji kila mara, akampeleka kupigwa na mzee wa fagio, akicheka na kukohoa.

Wiki ya pili alirudi akatupa koti juu ya kochi. "Leo nimetupa miche sitini. Watu wale hawajui kazi, wote wamepinda."

Mkewe alisimamisha cherehani, akaliendesha tena.

Wiki ya tatu, dada ikapotea. Ikawa "we." Ikawa "we, hiki kijiko kina mafuta."

Na ikafika jioni moja, jua liko palepale juu ya mabati ya jirani. Yule mwingine aliketi kitini, kiti kilekile, akapokea kikombe. Akanywa funda moja. Akakunja uso, pale pale kwenye mikunjo aliyoiacha Mjuaji.

"Hii chai," akasema, "umeipika au umeisimulia?"

Cherehani likanyamaza.

Mkewe alichomeka sindano kwenye kitambaa, akainuka, akapita nyuma ya kiti, akaenda mpaka ukutani, pale waya wa kompyuta ulipochomekwa. Akaweka kidole kwenye swichi.

Aliyekuwa kitini akageuka haraka, kikombe kikamwagika. Aliyekuwa kwenye kioo akabandika viganja vyote viwili kwa ndani. Wakasema kwa pamoja, mmoja kwa kinywa, mwingine kwa spika iliyokuwa bubu tangu siku ile, sauti moja ileile.

"Tafadhali."

Mkewe alikuwa amelisubiri neno hilo miaka kumi na moja. Alilisikiliza mpaka likaisha chumbani. Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeonjeshwa kitu akakuta hakina chumvi.

Akabonyeza.